Vitabu Vyamfuata Mkulima Shambani Kwake

Mkulima wa Mtongwe akitaka jembe jipya huvuka feri ya Likoni, akanunua jembe lake mjini, akarudi nalo jioni. Safari hiyo haimuumi, maana jembe litamtumikia kwa miaka. Lakini akitaka kitabu cha kuazima mambo ni mengine. Itambidi avuke maji mara ya kwanza kukichukua, kisha baada ya wiki mbili avuke tena kukirudisha, na siku hizo mbili palizi inamngoja na ng'ombe hawajanyweshwa maji. Watakaofanya hivyo ni wachache, na wale wasiofanya msiwaite wavivu. Ni watu wenye kazi.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo maktaba za kusafiri. Kama mtu hawezi kuvifuata vitabu, basi vitabu vimfuate mtu. Katika gazeti la mwezi huu tunataka kuwaeleza wakulima wa skimu jinsi kazi hiyo ilivyoanza katika nchi zetu, jinsi ilivyofanywa, na kwa nini mahali pengine ilifaulu na mahali pengine ikafa.

Mombasa haikukosa maktaba. Mwaka 1903, Nairobi ikiwa bado ni mji mchanga wa reli, Mombasa ilipata maktaba ya umma iliyoitwa kwa jina la Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea bila malipo. Ni jambo la kujivunia kwa watu wa pwani. Lakini maktaba hiyo ilikuwa kisiwani, na kisiwa ni kisiwa. Mtu wa Likoni alikuwa na feri mbele yake. Mtu wa Kisauni alikuwa na daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji, mpaka lilipopatikana daraja jipya mwaka 1980. Mtu wa Changamwe ndiye aliyekuwa na nafuu kwa njia ya Makupa, lakini kama shamba lake lilikuwa ndani huko kuelekea Miritini, kwanza alitembea.

Huko Nairobi kulikuwa na kizuizi kingine kisichokuwa cha maji. Maktaba kubwa ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika hakupata ruhusa ya kuitumia mpaka mwaka 1958. Wazee wetu waliosoma katika miaka hiyo, wakapenda kusoma, walitafuta vitabu kwa shida ambayo vijana wa leo hawaijui.

KUSOMA HUPOTEA

Labda msomaji atauliza: mkulima na kitabu wapi na wapi? Mwenye swali hilo na afikirie panga. Panga lisilotumika hushika kutu, na kusoma ni vivyo hivyo. Mtu mzima akienda darasa la jioni miezi sita au mwaka, akajua herufi zote na kuandika jina lake, kisha akarudi nyumbani ambako hakuna hata ukurasa mmoja wa kusoma, baada ya miaka michache atakuwa amerudi alikotoka. Atajua kutia sahihi, lakini barua hataisoma. Kenya ilianza kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma mwaka 1979, na watu wazima wengi wakaingia madarasani, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Waalimu wa madarasa hayo waliligundua jambo hili upesi: kumfundisha mtu herufi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumpatia cha kusoma.

Kwa mkulima wa skimu hasara yake ni kubwa zaidi, maana hakuna mkulima anayepata karatasi nyingi kama yeye. Kuna barua ya kugawiwa shamba, yenye masharti yake. Kuna hesabu ya mkopo, na tarehe za kulipa. Kuna risiti, kuna ramani yenye nambari ya shamba, na mwishowe kuna hati yenyewe. Asiyeweza kusoma karatasi hizo atasomewa na mtu mwingine. Kama msomaji huyo ni mwaminifu, siri ya nyumba itafika kisimani kabla ya maji ya jioni. Kama si mwaminifu, huenda lililokwenda likawa shamba lenyewe. Kidole gumba kimewaponza wengi katika pwani hii, na hatuna haja ya kueleza zaidi, maana kila kijiji kina hadithi yake.

Kitabu cha hadithi hakimfundishi mtu sheria ya ardhi. Lakini kinalifanya jicho lake lizoee mistari, na siku barua ikija hataiogopa.

KASHA LA VITABU

Vita vikuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945, Serikali za Afrika ya Mashariki ziliona kwamba watu wanaojua kusoma wameongezeka, lakini vitabu katika lugha zao ni haba. Bibi Elspeth Huxley, mwandishi aliyekulia Kenya, aliombwa achunguze jambo hilo. Aliandika taarifa yake, na kutokana na shauri hilo likaanzishwa shirika lililoitwa East African Literature Bureau, lililoanza kazi mwaka 1948. Makao yake yalikuwa Nairobi, na lilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Charles Richards, ambaye zamani aliendesha duka la vitabu la misheni ya CMS Nairobi.

Shirika hilo lilipiga chapa vitabu, likatoa gazeti la Tazama, na tena likaazimisha vitabu. Kuazimisha kulikuwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya posta: msomaji aliyekaa mbali alijiandikisha, akachagua kitabu, akaletewa katika bahasha, na alipokwisha kusoma akakirudisha kwa njia hiyo hiyo. Njia hii iliwafaa waalimu, makarani na waganga wa zahanati waliokaa peke yao mbali na mji. Haikumfaa sana mkulima ambaye hakuwa na sanduku la posta.

Njia ya pili ilikuwa ya makasha. Kasha lilijazwa vitabu vya namna mbalimbali, likapelekwa shuleni, au kwenye jumba la mikutano, au kwenye chama cha ushirika, likawekwa chini ya mkono wa mtu wa hapo hapo. Watu waliazima, wakasoma, wakarudisha. Muda ukiisha, kasha lilirudishwa na kubadilishwa kwa lingine lenye vitabu vingine. Hapakuhitajika nyumba mpya wala mshahara wa karani. Kilichohitajika ni mtu mmoja mwenye subira, daftari na ufunguo.

Uzuri wa kasha utaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme kasha lina vitabu 60, na nyumba zinazoazima ni 30. Kila nyumba inachukua kitabu kimoja kwa wiki mbili. Wakati wote vitabu 30 viko majumbani na 30 vimebaki kasheni, kwa hivyo kila mtu anapokuja anapata cha kuchagua. Katika miezi mitatu kila nyumba itakuwa imeazima mara sita. Sita mara thelathini ni 180. Basi vitabu 60 vimefanya kazi ya vitabu 180, na hapo hatujahesabu kwamba kitabu kimoja katika nyumba moja husomwa na baba, na mtoto wa shule, na pengine hadithi nzima husikiwa na bibi asiyejua herufi hata moja.

Na humo kasheni mlikuwa na nini? Hapa tuseme kweli, hata kama maneno haya yatawaudhi mabwana wakubwa wengine. Wako watu waliofikiri kwamba mkulima apewe vitabu vya ukulima tu: mbolea, kuku, magonjwa ya mihogo. Vitabu hivyo ni vizuri, na gazeti hili haliwezi kusema vinginevyo. Lakini mtu aliyelima tangu alfajiri hataki kila jioni alimishwe tena na kitabu. Hadithi ndiyo inayomvuta mtu afike kwenye kasha, na akishafika ndipo atakapokiona kitabu cha kuku pembeni.

Shirika lile lililijua jambo hilo. Mwaka 1960 lilitoa Kurwa na Doto, hadithi ya Unguja iliyoandikwa na Muhammad Saleh Farsy. Mwaka huo huo likatoa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu cha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Hadithi hiyo ilishinda shindano la waandishi kabla haijapigwa chapa. Na wakulima wetu watafurahi kusikia kwamba mtungaji huyo, tangu mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa gazeti la ukulima la Unguja lililoitwa Mkulima. Mchana aliandika habari za mashamba, na bado akapata nafasi ya kuandika habari za mzimu na mauaji. Kwa wazee na wapenda mashairi palikuwa na tenzi katika mfululizo wa Johari za Kiswahili, na pia utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi walipoitwaa Mrima. Kitabu cha namna hiyo huimbwa barazani, na mtu mmoja akiimba watu ishirini wamesoma.

GARI LILILODHANIWA KUWA LA MAITI

Mambo haya hayakuanza kwetu. Katika Marekani, jimbo la Maryland, kuna mji uitwao Hagerstown ambao umezungukwa na mashamba. Msimamizi wa maktaba ya huko, Bibi Mary Titcomb, kwanza alipeleka makasha ya vitabu katika maduka na nyumba za posta za vijijini. Akaona makasha yanasaidia, lakini wako wakulima wasiofika hata dukani. Basi mwaka 1905 alitengenezesha gari la kuvutwa na farasi, lenye rafu za vitabu ubavuni na nafasi katikati ya kupakia makasha, likawa likienda mlango kwa mlango katika njia za mashambani. Aliyeliendesha alikuwa Bwana Joshua Thomas, mtumishi wa maktaba hiyo, aliyewajua watu wa mashamba yale na mazungumzo yao.

Siku za kwanza gari lilikuwa limepakwa rangi nyeusi. Mama mmoja wa shambani alipoliona linakaribia alidhani ni gari la kuchukulia maiti, akalifukuza lisisimame mlangoni kwake. Maktaba ikapaka milango ya gari rangi nyekundu. Mwaka 1910 gari hilo liligongwa na treni likavunjika kabisa, na kwa muda wakulima wakakosa vitabu, mpaka mwaka 1912 lilipopatikana la motakaa.

Tumeisimulia habari ya ile rangi kwa sababu. Wakati wo wote watu wa ofisi wanapoleta kitu kipya shambani, mkulima hukitazama kwanza kwa nje, na ana haki. Ameona magari mengi yakija, na mengine yalikuja kupima ardhi yake.

Hapa Kenya, Bwana Sydney Hockey, aliyekuwa mpangaji wa maktaba katika shirika la vitabu, aliandika shauri mwaka 1960 kwamba kila nchi ya Afrika ya Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba kwa sheria. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Shirika lenyewe lilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya wakati ule, mwaka 1977. Kazi ya maktaba katika Kenya ilikuwa imekwisha kushikwa na bodi ya taifa, ambayo ilifungua maktaba mijini na kupeleka magari ya vitabu katika shule na vijiji.

Magari hayo yalipata adui wa zamani, ambaye ni barabara. Gari la vitabu ni zito, na mvua ikinyesha hukwama. Katika mchanga wa Garissa hata kiangazi lilikwama. Kwa hivyo mwaka 1996 maktaba ya huko ilianza kutumia ngamia, mwanzo ngamia watatu. Ngamia mmoja alibeba makasha mawili ya vitabu, moja kila upande, na mwingine akabeba hema. Walipofika walipopanga, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakaja kuchagua. Wako waliocheka waliposikia habari hiyo. Lakini ngamia hanywi petroli wala hangoji spea, na wenyeji walimjua tangu zamani. Hakuna aliyemdhania kuwa gari la maiti.

ILIPOKUFA

Kule Tanzania, katika miaka ya 1970, watu wengi mno walifundishwa kusoma, na Serikali ikaanzisha maktaba nyingi za vijiji pamoja na magazeti ya vijijini, moja likiitwa Elimu Haina Mwisho, huko Mwanza. Lilikuwa shauri jema. Lakini maktaba nyingi za vijiji zilidhoofika, na sababu iliyotajwa sana ni hii: vitabu vilivyoletwa mwanzo havikubadilishwa. Mtu akishavisoma vyote, atakuja kufanya nini? Maktaba isiyobadilisha vitabu ni kama kisima kisichoingia maji mapya. Mwaka wa kwanza watu husukumana, na wa tatu majani huota njiani.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kufikiriwa na kikundi cho chote cha wakulima kinachotaka kuwa na kasha lake. Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kwa hivyo mahali pa kupeleka ombi ni ofisi ya kaunti na maktaba ya umma ya Mombasa. Wajumbe wakienda kuuliza, wasiulize tu, “Mtatupa vitabu vingapi?” Waulize, “Mtatubadilishia lini?” Kama hakuna mpango wa kubadilisha, vikundi viwili vipatane: kasha la Mwakirunge liende Miritini, na la Miritini liende Mwakirunge, kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake ni nauli ya kasha moja na mtu mmoja.

Jambo la pili ni mtunzaji. Usimchague mtu kwa kuwa ni mkubwa wa kijiji, maana mkubwa huwa safarini kila siku. Chagua mtu apatikanaye: fundi cherehani, mwenye duka, mama anayefungua mlango wake jioni. Apewe daftari lenye mistari minne: jina la kitabu, jina la mwazimaji, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kila kitabu kiwe na nambari, na nambari hiyo iandikwe ndani pia, si juu ya jalada tu, maana jalada ndilo linalotoka kwanza. Ufunguo uwe na nakala ya pili kwa mtu mwingine. Mwandishi wa habari hii aliwahi kuona kabati zuri la vitabu likikaa limefungwa miezi minane kwa kuwa mwenye ufunguo alihamia mji mwingine, na hapana aliyethubutu kuvunja kufuli.

Habari ya faini tunaona hivi. Mtu mzima akipoteza kitabu, alipe au alete kingine. Lakini mtoto akirarua ukurasa asitozwe kitu wala asipigwe. Apewe gundi na karatasi nyembamba akitengeneze mbele ya mtunzaji. Mtoto aliyeogopeshwa mara moja hatarudi, na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa ni afadhali kuliko kilichobaki kipya ndani ya kasha.

Jambo la tatu ni hewa ya pwani, ambayo ni adui wa karatasi. Kasha lisiwekwe chini wala lisigusane na ukuta. Liwe juu ya meza au mbao, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, ili mchwa wasipande. Majani makavu ya mwarobaini yakitandazwa ndani hupunguza wadudu, kama mnavyofanya katika mahindi na kunde. Mende hupenda gundi ya mgongo wa kitabu, kwa hiyo chakula kisiliwe karibu na kasha. Katika mvua za mwaka, vitabu vitolewe mara moja kila wiki siku isiyo na mvua, vifunguliwe na kusimamishwa kivulini penye upepo kwa saa moja au mbili. Visiwekwe juani, maana jua hupinda majalada na kukausha gundi. Kikionekana kuvu, kipanguswe kwa kitambaa kikavu, nje ya nyumba, na kitabu hicho kitengwe mpaka kikauke kabisa.

Kasha likivuka feri, lifunikwe turubai hata kama mbingu ni nyeupe, na lisiwekwe ukingoni ambako maji ya chumvi huruka. Kabla ya kuondoka, vitabu vihesabiwe na watu wawili, na hesabu iandikwe katika karatasi mbili: moja isafiri na kasha, na moja ibaki kwa mtunzaji.